Mbolea ya ruzuku ifike kabla ya mvua

Mhariri,

Tangu 2023 hapa Kenya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa ukiuzwa Sh2,500, kutoka Sh3,500 za mwaka wa 2022. Bei hiyo ni nafuu kubwa. Kinachomuumiza mkulima wa Trans Nzoia ni wakati.

Mahindi hapa hupandwa Machi na Aprili. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, lazima iingie shimoni pamoja na mbegu, ikitenganishwa nayo kwa udongo kidogo isije ikaiunguza. Fosforasi haisafiri udongoni. Ukiimwaga juu mahindi yakiwa yamefika magotini, mizizi haiipati na majani hugeuka zambarau. Wakati huo kinachohitajika ni CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni. Kwa hiyo DAP inayofika ghalani Mei ni hasara hata ikitolewa bure.

Ucheleweshaji mwingine huanzia kwenye usajili. Ujumbe wa vocha ya kununulia mbolea hiyo hutumwa kwa nambari ya simu iliyoandikishwa. Laini ikipotea, au tarakimu moja ikikosewa, mkulima hupanda bila mbolea ilhali jina lake limo kwenye orodha. Machifu wahakiki nambari hizo Januari, si foleni ikishajaa.

Tena, DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza asidi udongoni, na mashamba mengi hapa tayari yana asidi. Tunaomba chokaa ya kilimo, inayopunguza asidi hiyo, iwekwe kwenye vocha hiyo hiyo, na udongo upimwe kwanza.

Wakulima wa mahindi,
Kitale