Nafundisha watu utulivu, mwenyewe sina

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Soko la dhahabu la mtandaoni limefungwa tangu saa sita, chati ya bei imeganda palepale, na bado nimeshaifungua mara nne kuiangalia. Kinachoninyima usingizi ni neno moja aliloniambia mwenzangu wa ndoa mbele ya shemeji yangu, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Hayo unayowafundisha vijana, wewe umeyafuata lini?"

Nielewe kwanza, maana watu wakisikia mtu anatredi dhahabu wanafikiri ni mikeka ya mpira. Mimi si mtu wa mikeka. Vijana wangu wa Jumapili nawaanzisha na hesabu kabla hawajaona chati. Loti ndiyo kipimo cha ukubwa wa biashara: loti 0.01 ya dhahabu ni wakia moja, kwa hiyo bei ikisogea dola 1, umepata au umepoteza dola 1. Ukiwa na dola 600, asilimia moja ni dola 6. Stoplosi, yaani bei unayopanga biashara ijifunge yenyewe hasara isizidi, ikikaa umbali wa dola 6, loti yako ni 0.01, hakuna mjadala. Ukipigwa mara kumi mfululizo kwa asilimia moja moja, unabaki na dola 542 na usingizi wako. Ukipigwa mara kumi kwa asilimia kumi kumi, unabaki na dola 209, na ili uzione tena zile 600 inabidi akaunti ikue karibu mara tatu. Utulivu unaanzia kwenye loti. Hilo nimelisema mpaka wanalisema kabla yangu.

Halafu daftari. Kabla ya kuingia sokoni wanaandika kwa kalamu: sababu, bei, stoplosi, loti, wamelala saa ngapi, wamekula nini, wamegombana na nani. Wanajipa alama za utulivu mpaka 5, na ikiwa chini ya 3 kompyuta inafungwa. Dakika tano za kupumua: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, kwa sababu pumzi ikitoka taratibu ndipo moyo unapopunguza kasi. Kwenye MetaTrader ya kompyuta, programu tunayotredi nayo, nawaonyesha kubofya kulia kwenye orodha ya oda ili faida isomeke kwa pointi badala ya pesa, maana ukiona umepoteza dola 38 unaanza kuona unga, mafuta na ada, soko hulioni tena. Chati inayochora bei kila dakika moja ni marufuku. Wanatumia ya kila baada ya saa nne, wanaweka kengele ya bei, wanaondoka mezani. Hasara mbili, siku imekwisha. Na programu haikai kwenye simu hata kidogo, kwani simu unaingia nayo mpaka chooni.

Sasa hapo kosa liko wapi? Ndiyo maana lile neno linanichoma.

Jana ilikuwa Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, saa tisa na nusu alasiri kwa majira haya. Dakika ile spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, inapanuka, na stoplosi inaweza kufungwa kwa bei mbaya kuliko uliyoiweka. Hilo nalifundisha pia. Nilikuwa na dola 620. Dola 6 zikaenda kihalali, sina kinyongo nazo. Nikaingia tena kwa 0.05, stoplosi dola 5. Bei ilipoikaribia nikaisogeza mpaka 9. Kisha mpaka 14. Basi, Shangazi, mambo yaliharibikia hapo. Ukishaisogeza mara moja huna mpango tena, unaibembeleza bei. Dola 70. Nikarudi na 0.20 bila stoplosi kabisa, kulipiza, ambapo kila dola ya bei ni dola 20 zangu. Ikashuka dola 20, jambo la kawaida siku ya takwimu. Dola 400. Daftari lilikuwa chini ya kikombe cha chai, limeacha duara kwenye ukurasa wa tarehe ya jana, na ukurasa wenyewe mtupu.

Na yeye aliposema vile hakuyajua haya. Aliona tu nimerudisha programu kwenye simu. Angekuwa anajua ningesema ana haki. Lakini mbele ya kaka yake? Angesubiri mgeni aondoke.

Alipotoka kumsindikiza nikagusa ile ya kodi. Sikuichukua, niliiazima: laki sita katika laki tisa za miezi sita. Mwenye nyumba anakuja tarehe 15. Hadi soko linafungwa akaunti imebaki na dola 31. Sijui nimwambie sasa, au nizirudishe kwanza nimwambie zikiwa zimetimia. Lakini hilo silo ninalokuuliza.

Nimeapa sigusi tena soko. Ila Jumatatu soko la London linafunguka saa nne asubuhi kwetu, na nikiwa nimetulia najua nitafanya vizuri, nimeshafanya. Tatizo ni hesabu: asilimia moja ya dola 31 ni senti 31, na kwa loti ndogo kuliko zote haitoshi stoplosi ya hata dola moja. Ili nifuate sheria zangu lazima niongeze pesa. Zipo zile laki tatu zilizobaki. Nasema tu zipo, sijasema nitaziweka.

Ninachouliza ni hiki: mtu akishaambiwa neno kama lile ndani ya nyumba yake, anautoa wapi utulivu wa kukaa mbele ya chati? Maana tangu aliseme, nikivuta pumzi, hesabu ya nne siifikishi.

Usiniambie nipumzike. Usiniambie ni kamari, hilo shemeji kashalisema kwa macho. Na jina wala mji usiweke, vijana wanakusoma. Kesho saa nane mchana wanakuja, na somo lililofika zamu yake ni la kutosogeza stoplosi.

Msomaji wako