Kwa sahibu yangu wa Tanga, kuhusu mishipi miwili ya zari

Berlin

Sahibu yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta wewe na jamaa wote mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi. Ama baada ya salamu, ile mishipi miwili ya sherehe ya maafisa wa jeshi la Ujerumani uliyoniomba niitazame kabla hujatoa fedha yako, nimeiona na kuishika kwa mikono yangu, na ushauri wangu ni kwamba ununue mmoja tu, na hata huo usiulipie bei anayoitaka muuzaji.

Ule wenye zari ya fedha na mistari miwili myeusi ni wa Prussia, wala sina shaka nao. Wajerumani huuita Feldbinde, na kwa maafisa wengi ulichukua, mwishoni mwa karne ya 19, nafasi ya mshipi wa zamani uliofungwa kiunoni ukaning'iniza vishada. Falme zilizounda dola ya Ujerumani ya wakati ule, Prussia ikiwa mojawapo, zilitofautiana kwa rangi: Bavaria mistari ya buluu, Saxony ya kijani, Prussia nyeusi. Bizimu ni duara la shaba iliyopakwa dhahabu, na katikati yake, ndani ya shada la majani ya laureli, mna herufi W na tarakimu II chini ya taji, nembo ya Kaiser Wilhelm II. Nilikisogeza kidogo kile kipete cha kitambaa kinachoteleza juu ya mshipi, nikakuta chini yake fedha bado inang'aa, ilhali pande zote mbili imeingia weusi. Hapo ndipo niliporidhika, kwa maana mwigaji anaweza kuutia mshipi mzima dawa ukaonekana mkongwe, lakini ni nadra akumbuke kuacha kivuli cha kipete. Dhahabu ya bizimu nayo imelika ukingoni, upande mmoja tu, pale ambapo kidole gumba kilikuwa kikibonyeza wakati wa kufungua.

Lililobaki ni hadithi. Muuzaji anashikilia kwamba mwenye mshipi alikuwa afisa wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika makoloni yao, aliyepigana kwetu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki, na kwa hadithi hiyo anataka karibu bei maradufu. Nilimwomba karatasi, barua, picha, hata jina lililoandikwa kwenye bitana, na hakuwa na chochote. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kikosi kile kilikuwa na askari Waafrika takriban 2,500 na Wajerumani wapatao 260 tu, ambao si wote walikuwa maafisa; jeshi la huku nyumbani kwao lilikuwa na maafisa makumi ya maelfu. Tena huu ni mshipi wa gwaride na karamu, na waliopita kwenye mapigano ya Mahiwa na kuvuka mto Ruvuma walivaa kaki iliyochanika. Inawezekana afisa aliuacha sandukuni kwao kabla ya kupanda meli, lakini jambo linalowezekana halilipiwi fedha. Wewe unayeitambua sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa kuitia kiganjani tu, usikubali kununua kwa masikio.

Ule wa pili sitakuchosha nao. Unadaiwa kuwa wa jeshi la nchi kavu la enzi ya Hitler, wa namna iliyoanzishwa mwaka 1937: zari ya alumini, mistari miwili ya kijani iliyokolea, na bizimu lenye tai ndani ya shada la majani ya mwaloni. Muuzaji aliusifu kuwa ni fedha tupu ambayo haijawahi kuchakaa, na hapo tayari alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa kuwa ya namna hiyo ilifumwa kwa alumini, ambayo hufifia ikawa ya kijivu bila kuingia weusi. Nilipoumulika kwa taa ya urujuanimno, nyuzi za mishono ziliwaka buluu kama shati jipya lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Dawa za kung'arisha nyuzi namna hiyo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Swastika, ile alama ya Wanazi, ilikuwa imefunikwa kwa kibandiko, kama wafanyavyo wauzaji wa huku kwa kuhofia kifungu cha 86a cha sheria ya jinai, kinachokataza kuionyesha hadharani. Hata ungekuwa wa kweli, mimi nisingependa kuuona ukutani kwako.

Ukiukubali ule wa Prussia, nitaukunja kwa kuuzungusha kwenye bomba pana la karatasi ngumu, zari ikitazama nje, maana ukikunjwa kwa pembe kali nyuzi zake za madini hukatika na hazirudi. Ukifika, usiusugue kwa dawa ya fedha, kwani utaondoa weusi pamoja na fedha yenyewe. Usiufunge kwa mpira, kwa sababu salfa iliyomo huusawijisha, wala usiutie kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevunyevu wa pwani utajifungia humo na bitana itaota ukungu. Karatasi isiyo na asidi na kabati kavu vinatosha.

Muuzaji amekubali kuuweka hadi mwisho wa mwezi. Niandikie kiasi unachoweza kutoa kwa mshipi wa Prussia usio na hadithi, nami nitaanzia chini ya hapo.

Nisalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Sahibu yako wa siku zote