Barua ya wazi: Tutengenezee Bustani ya Jeevanjee tukiwa ndani

Kwa Mheshimiwa uliyekabidhiwa bustani za jiji la Nairobi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi cherehani. Nimekodi nafasi ya kutosha mashine moja ndani ya duka lililogawanywa vyumba vidogo vidogo, ghorofani, hapo karibu na Moi Avenue. Dirisha hakuna. Taa huwaka asubuhi mpaka jioni na macho yameanza kuniuma. Saa ya chakula cha mchana naenda Jeevanjee, nile nilichobeba na nione jua kidogo, maana nikipanda matatu ya Kayole huwa giza limeingia. Nakueleza haya ili ujue anayekuandikia ana kazi. Sisi tunaoketi pale tumechoka kuitwa wazururaji.

Wiki iliyopita mzee mmoja aliketi kwenye benchi ambalo ubao wake umelegea tangu kabla ya mvua. Ubao ukakatika, akaangukia mkono. Tulikimbilia mfereji wa maji tumwoshe damu, ukawa mkavu, ikabidi tuchange tununue maji ya chupa. Mlinzi tuliyemwita alitwambia hakuna haja ya kupeleka malalamiko kwa kuwa bustani itafungwa itengenezwe. Ifungwe lini? Kwa muda gani? Hajui, na sisi hatujaulizwa lolote.

Mheshimiwa, ulikuja ukasimama mbele yetu. Uliahidi mabenchi, maji, choo na taa. Nilikuwepo, nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Habari ya kufunga hukuitaja.

Naomba ukumbuke bustani hii ilitoka wapi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa kandarasi za reli ya Uganda, aliitengeneza kwa mali yake akawapa wakazi wa mji mwaka 1906, Nairobi ikiwa bado changa. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga jumba la maduka na maegesho ya magari juu yake, mjukuu wake Zarina Patel alisimama kidete, wananchi wakasimama naye, na jumba halikujengwa. Miaka miwili tu kabla ya hapo Profesa Wangari Maathai alikuwa amepigania Uhuru Park isijengwe mnara wa ghorofa 60, akatukanwa hadharani kwa ajili hiyo. Watu hao hawakuhangaika ili sisi tuje kuchungulia nyasi kupitia nyufa za mabati.

Kwa sababu hilo ndilo ninaloliogopa. Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, na miaka ikapita watu wakiizunguka kwa nje. Wapiga picha waliokuwa wakijipatia riziki mle, akina mama wa karanga na maji, walienda wapi? Nadhani mkandarasi hupenda mahali patupu kwa sababu ni rahisi kwake, hana wa kumuuliza kwa nini kazi imelala. Labda pia kuna wasiopenda wale wa Bunge la Mwananchi wanaokutana Jeevanjee kujadili nchi. Sina ushahidi wa hilo. Lakini mtu akifungiwa mlango bila maelezo, lazima awaze.

Hatukatai bustani ipendeze. Itengenezwe! Ila anzieni upande mmoja, mwingine ubaki wazi, kisha mbadilishane. Eneo lenyewe ni dogo, na kila mchana limejaa wahubiri, wanafunzi, wanaotafuta kazi wakiwa na bahasha zao mapajani. Choo kiwe safi na cha bure. Mimi mwanamke, siku nyingine nashinda bila kunywa maji kwa kuogopa gharama ya choo. Taa ziwekwe, kwa sababu jioni wanawake huondoka mapema hata kama wangependa kupumzika. Njia ziwe laini ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Vijana wanataka intaneti na mahali pa kuchajia simu, nao wana haki, lakini maji yatangulie. Na tafadhali, msimwage kabro, yale matofali ya kutandaza chini, kila mahali. Kivuli cha miti ile ndicho kinachotuleta.

Kiingilio pia tunakikataa mapema. Kwenye msitu wa Karura watu hulipa langoni. Hapa katikati ya mji, aliyekosa nauli ya kurudi nyumbani aketi wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na haikusema kila mtu mwenye hela.

Najua utaambiwa haiwezekani kufanya kazi watu wakiwa ndani. Soko hukarabatiwa biashara ikiendelea, barabara hutengenezwa upande mmoja magari yakipita mwingine. Inawezekana.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: usiifunge. Kama uamuzi umeshapita, njoo utueleze pale pale uliposimama, saa saba mchana, utukute. Bandika langoni jina la mkandarasi, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Na ule ubao wa benchi upigiliwe wiki hii, hauhitaji mradi.

Usiifunge, Mheshimiwa.

Wako kwa heshima,
Fundi cherehani, Nairobi