Mbwa wa baba mkwe na mtoto anayeanza kutambaa

Anti, shikamoo.

Naishi Dar es Salaam, nimeolewa Rombo, na Desemba hii tunampeleka mtoto wetu wa kwanza kwa babu yake. Unawajua Wachaga na Krismasi: asiyeonekana kijijini mwezi huo ataulizwa mpaka Pasaka. Mtoto ni wa kiume, ana miezi saba, amerithi jina la babu yake kama ilivyo desturi yao, na mzee hajamwona ila kwa picha za simu. Kila akipiga anaanza na, "Babu mwenzangu hajambo?" Safari yenyewe naitaka. Shida yangu ni mbwa.

Mzee anao watatu. Simba na Chui ni madume, halafu kuna jike, Popi, ambaye wifi anasema amezaa juzi chini ya ghala la mahindi. Mchana wanafungwa minyororo karibu na banda la ng'ombe, usiku wanafunguliwa, na hapo kihamba chote, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni chao mpaka kuche. Siwezi kulaumu. Jirani ameshaibiwa mbuzi, mzee hajapoteza hata mkungu wa ndizi. Lakini sikukuu nyumba inapojaa watu, kuwafunga asubuhi kunasahaulika, na utawakuta saa nne bado wanazunguka kati ya masufuria.

Krismasi iliyopita, nikiwa mjamzito, mtoto mdogo wa shemeji alikuwa amekaa kibarazani na kipande chake cha nyama ya mbuzi. Chui akaja taratibu, akanusa, akaichomoa ile nyama kwa ncha ya meno kama fundi anayeng'oa msumari. Hakumng'ata. Vidole vya mtoto vilibaki vinang'aa mate, naye akaangua kilio kwa ajili ya nyama yake. Watu wazima walicheka sana. Wangu nyama bado, ila ameanza kutambaa, na chochote chenye masikio au ndevu anakivuta kwa nguvu zake zote. Sasa Popi mwenye watoto wachanga atavumilia hilo?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni kichaa cha mbwa. Nilimuuliza muuguzi kliniki, nikidhani labda kimo kwenye zile chanjo za kadi. Hakimo. Akaniambia mtoto aking'atwa, hata akikwaruzwa kidogo tu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, wala tusisubiri tuone mbwa atakuwaje. Dalili zikishatokea kwa mtu, hapo karibu hakuna anayepona. Upande wa mbwa, alisema wachanjwe na chanjo irudiwe kila mwaka, na ifanyike wiki kadhaa kabla hatujafika kwa sababu haifanyi kazi siku ile ile.

Basi Septemba 28, redio iliposema ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nikamwandikia wifi aulize kwa upole kama mbwa wamechanjwa. Jibu la mzee likaja: "Mbwa wangu wanakula ugali na maziwa, kichaa watakitoa wapi? Hicho ni cha mbwa wazururaji." Anti, njaa haileti kichaa. Mbwa anaambukizwa na mnyama mwingine mwenye ugonjwa, na hawa wa kwetu usiku wanavuka mifereji mpaka vihamba vya watu. Simba amewahi kurudi sikio limechanika. Kadi ya chanjo hakuna aliyewahi kuiona.

Ningekuwa Mchaga mwenzao ningesema yakaisha. Mimi nimezaliwa Pangani, kwetu mbwa havuki kizingiti cha ua, na ukoo wa mume wangu wanalijua hilo vizuri. Nikigusia habari ya mbwa tu, wanasikia "mambo ya pwani", kwamba naona kinyaa, kwamba nyumba yao naiona chafu. Mama mkwe, ambaye tunapendana kweli, alishanitania kwamba nitakuja na ndoo ya mchanga wa kujitoharishia mbwa akinigusa. Mume wangu naye ananiambia, "Sisi tumekulia na mbwa, mbona tuko hai?" na hataki kumsemesha baba yake, ambaye ni mwalimu mstaafu na hajazoea kufundishwa.

Rafiki yangu mmoja alinishauri nitangulize nguo ambayo mtoto ameivaa, mbwa wazoee harufu yake kabla hatujafika. Nikamweleza mama yangu mzazi. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka: nguo ya mtoto mchanga haisafirishwi peke yake kwenda kwa watu! Hiyo nimeiacha.

Nawaza nimtumie wifi pesa kimya kimya amwite bwana mifugo, awachanje wote na kuwapa dawa ya minyoo na viroboto. Ila nyumba ile haina siri, na mzee akijua nimelipia mbwa wake nyuma ya mgongo wake, sijui nitamwangalia vipi mezani. Au nimpigie mwenyewe, nimwambie hofu yangu kama mkwe wake, nimwombe Popi na watoto wake wahamishiwe nyuma ya banda na madume wafungwe kabla mtoto hajaamka? Chandarua na mkeka vya kumchezeshea ndani ninavyo, lakini babu atataka kumtoa uani, amtembeze kwenye migomba na kumwonyesha watu, na hiyo ni haki yake.

Nawaomba ushauri, wewe na wasomaji, hasa mlioolewa mbali na kwenu na mnaofuga mbwa. Nani aseme na mzee: mimi, mume wangu au mama mkwe? Na je, wakishachanjwa, mtoto aonyeshwe mbwa siku ya kwanza akiwa amebebwa, au akae mbali nao kabisa mpaka turudi? Tiketi za basi tumeshakata, na kama chanjo inahitaji wiki kadhaa, sina muda mrefu wa kuamua.

Mkwe wa Rombo,
Dar es Salaam