Nywele zimerudi, ndevu nazo zimekuja: madhara ya dawa za nywele kwa wanawake

Mama mmoja alikuja saluni kwetu hapa Arua, akakaa, akakataa kuvua kitambaa mpaka wateja wengine wawili watoke. Nikadhani amepata kipara. Alipofungua, nikaona nywele za utosini zimeanza kurudi vizuri kabisa. Alichokuwa akikificha ni mashavu. Nywele laini nyeusi zilikuwa zimeota kutoka karibu na masikio hadi kwenye kidevu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ninageuka mwanamume?"

Hapana, mama, hugeuki. Alikuwa anajipaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, ile ya chupa yenye picha ya mwanamume, asubuhi na usiku, na usiku alikuwa analala nayo ikiwa bado mbichi kichwani. Alikoinunua hawakumwambia chochote zaidi ya bei. Nimekutana na wengi kama yeye, na wengi wao walikaa na hofu hiyo peke yao kwa miezi. Ndiyo maana naandika.

Minoksidili haikuanza kama dawa ya nywele. Ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, na wagonjwa waliokimeza wakaanza kuota nywele usoni na mikononi. Watengenezaji walipoona hivyo wakatengeneza ya kupaka. Marekani iliiruhusu kwa wanaume mwaka 1988, na miaka michache baadaye kwa wanawake. Ukijua historia hiyo, ndevu hazikushtui tena: dawa hii haitofautishi kichwa na shavu. Inapogusa vinyweleo inaviamsha. Inateremka na jasho, na joto letu la Januari mnalijua. Inaingia kwenye foronya, inabaki vidoleni, na kiasi kidogo kinapita kwenye ngozi kuingia katika damu. Homoni zako haizigusi. Ukiacha kuitumia, nywele za usoni hupungua zenyewe baada ya miezi michache.

Tatizo ni kwamba ukiacha, na zile za kichwani ulizozipata kwa dawa hiyo zitaondoka, kwa kawaida ndani ya miezi 3 hadi 6. Kwa hiyo usiitupe chupa kwa hasira kabla ya kuangalia unavyoitumia. Kwa wanawake inayojulikana zaidi ni ya maji ya asilimia 2, au povu la asilimia 5 mara moja tu kwa siku. Jipake mapema jioni, saa kadhaa kabla ya kulala, ikauke. Nawa mikono kwa sabuni. Futa paji la uso na shingo. Yule mama alibadilisha hayo tu, na sasa anakuja kusuka bila kusubiri watu watoke.

Kuna jambo jingine linalowaliza wateja kuliko hata ndevu. Mtu anaanza dawa kwa sababu nywele zinakatika, na baada ya wiki mbili au tatu zinatoka kwa wingi kuliko mwanzo. Anaona mafungu kwenye kitana, anaona kwenye beseni la kuoshea. Kinachotokea ni kwamba nywele zilizokuwa zimeshamaliza muda wake zinasukumwa na mpya zinazoanza kuota chini. Hali hii hutokea kati ya wiki ya 2 na ya 8, kisha inatulia, na faida huanza kuonekana karibu mwezi wa 4. Nasikitika kila ninaposikia mtu ameacha wiki ya 5. Lakini kama miezi mitatu imepita na bado zinamwagika, au unaona viraka vya duara, au utosi unang'aa na kuuma kana kwamba vinyweleo vimezibwa, hapo usisubiri dawa ya dukani ikusaidie. Kuna magonjwa ya ngozi ya kichwa yanayoacha kovu, na mahali penye kovu nywele hazioti tena. Daktari wa ngozi anatakiwa akuone mapema.

Sasa niseme kama mtu wa saluni. Ngozi iliyounguzwa na dawa ya kulainisha nywele, au yenye vipele kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa, hunywa dawa nyingi kuliko ngozi nzima. Kumbuka minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu. Ikiingia mwilini kwa wingi unaweza kusikia moyo ukienda mbio, kizunguzungu, miguu kuvimba, au maumivu ya kifua. Hayo si mambo ya kuvumilia: acha, nenda hospitali, na beba chupa yako. Ndiyo sababu hatulainishi kichwa cha mtu anayetumia dawa hii bila kuzungumza naye kwanza, na ndiyo sababu nikiona kidonda nitakuambia urudi wiki nyingine, hata kama harusi ni Jumamosi. Kuwashwa na ukavu ni kitu kingine. Mara nyingi kinachowasha ni propilini glaikoli, kimiminika cha kuyeyushia dawa, iliyomo kwenye ile ya maji, na povu kwa kawaida halina kitu hicho.

Mjamzito, anayetafuta mimba na anayenyonyesha, naomba mnisikilize vizuri. Minoksidili hapana. Spironolaktoni, kidonge ambacho baadhi ya madaktari huwapa wanawake wenye nywele zinazopungua, inaweza kudhuru ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni. Hata kwa asiye na mimba inaweza kuvuruga hedhi, kuleta kizunguzungu na kupandisha potasiamu kwenye damu, kwa hiyo humezwa chini ya uangalizi. Finasteridi, kidonge cha nywele cha wanaume ambacho mumeo anaweza kuwa anakitumia, usishike hata kidonge chake kilichovunjika ukiwa mjamzito.

Na kama unafuga paka, asilale kwenye mto wako wala asilambe mikono yako. Minoksidili kidogo tu inaweza kumuua.

Vitunguu saumu vilivyopondwa na kufungiwa kichwani usiku kucha vimeniletea wateja wenye malengelenge. Krimu za steroidi zinazonunuliwa kienyeji hukondesha ngozi, ingawa daktari anaweza kuzitumia vizuri kwa ugonjwa maalumu. Vidonge vya biotini navyo, vitamini ya nywele ambayo kila mtu anaona haina madhara, vikimezwa kwa wingi vinaweza kupotosha vipimo vya damu vya tezi ya shingo na hata vya moyo. Mwambie mtu wa maabara kabla hajakutoa damu.

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaopata madhara ya dawa ambayo hawakuihitaji. Mwanamke akijifungua, nywele zinaweza kumwagika kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 4, na wengi hupona wenyewe kabla ya mtoto kutimiza mwaka. Malaria kali au homa nyingine ya juu hufanya vivyo hivyo, miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu ameshasahau kwamba aliugua. Upungufu wa damu pia. Zile zinazoondoka pembeni mwa uso mara nyingi zinaomba jambo moja, kulegeza msuko. Hilo tunalifanya sisi wenyewe kwa mikono yetu na halina chupa.

Saluni yetu haiuzi dawa yoyote kati ya hizi. Tunachofanya ni kukuangalia kichwa, bure, kukuuliza kuhusu uzazi, shinikizo la damu na unachojipaka, na kukuelekeza kwa daktari wa ngozi inapobidi. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho tutakuambia usiitumie. Dawa ikikudhuru, mfamasia au muuguzi anaweza kukusaidia kuripoti kwa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.

Njoo asubuhi kabla watu hawajajaa, kichwa kikiwa hakijasukwa, na ulete chupa yenyewe hata kama imeisha. Kuna pazia nyuma, ukipenda tuzungumze huko.