Mjomba, Usiikubali Mechi Hiyo Bado

Shikamoo Mjomba,

Nimesikia kwamba viongozi wa klabu wamekuandalia mechi ya heshima, nawe umekwisha kukubali bila kuuliza neno. Sikushangaa. Mtu aliyeanzia timu ya watoto, akacheza beki wa kushoto mpaka goti likamkatalia, akafundisha chipukizi na kisha timu ya kwanza huku akifua jezi na kushona nyavu, hana mazoea ya kuuliza. Ninauliza mimi, tena hadharani, kwa sababu kila nilipokuandikia faraghani ulinijibu kwa kuniulizia hali ya watoto.

Wengi waliopita mikononi mwako wanakumbuka mabao. Mimi ninakumbuka ulivyomfundisha beki kusimama: ulimshika mabega, ukamgeuza nusu ili aone mpira na mtu kwa pamoja, kisha ukamwambia asimvamie winga, bali amsindikize kuelekea mstari wa pembeni mpaka akose pa kwenda. Wenye leseni hufundishwa hayo darasani. Wewe ulikuwa ukiyafundisha kabla yeyote kati yetu hajajua kwamba kocha huhitaji leseni.

Lakini mkutano mkuu ule siwezi kuusamehe. Baina ya ajenda ya ada za uanachama na ile ya mengineyo, mwenyekiti alitangaza kwamba timu ya kwanza imepata kocha mwenye cheti, na kwamba wewe utaendelea kusaidia. Hakuna aliyepinga. Ukasimama, ukatoa mfuko wa vifaa chini ya kiti, ukahesabu vizibao vya mazoezi kimoja kimoja mbele ya watu wote, ukakuta kimoja kimepungua, ukaomba radhi. Mjomba, uliwaomba radhi wao! Kwa ajili ya kizibao! Kisha ukamkabidhi yule kijana filimbi uliyoinunua kwa fedha zako mwenyewe. Kijana hana kosa, na baadaye alidhihirika kuwa kocha mzuri. Ninalisema hili nisije nikadhaniwa nina kinyongo naye.

Kila mmoja wetu alipowekwa benchi akanuna, ulitusimulia habari za Bob Paisley wa Liverpool, aliyeifunga Everton katika nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1950, kisha akaachwa nje ya kikosi cha fainali. Alimeza uchungu, akabaki klabuni akiwatibu wachezaji na kufundisha kikosi cha akiba, hata akakabidhiwa timu mwaka 1974 na kutwaa Kombe la Ulaya mara tatu. Ni mfano mzuri, ila wewe umeushika nusu. Paisley aliivumilia klabu iliyokuja kumpa timu. Wewe uliivumilia klabu iliyokunyang'anya timu, na hadi leo hujaidai chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usikanyage uwanja siku hiyo mpaka jina lako na miaka uliyofundisha viandikwe katika orodha ya makocha. Iliyobandikwa ofisini inaanza na yule kijana, kana kwamba kabla yake timu ilikuwa ikijifundisha yenyewe. Wakikupigia makofi leo na orodha ikabaki vile vile, mchezaji atakayejiunga mwakani hatajua kwamba ulikuwepo.

Utaniambia kwamba niliyeondoka ni mimi. Ni kweli nilirudisha kadi ya uanachama baada ya mkutano ule, na wapo katika ukoo wanaosema nilikutupa. Sikukutupa. Nilikataa kuvaa jezi ya watu waliokutazama ukihesabu vizibao wasiinue hata mkono, kwani kubaki kungenilazimu kucheka nao kila baada ya mechi. Wewe uliweza, na ninakuheshimu kwa hilo, lakini sioni kwa nini uvumilivu wako ufanywe kipimo cha utu wangu. Angalau kuna mtu mmoja aliyewaonyesha kwamba lililotendeka halikuwa la kawaida, na mtu huyo hukuwa wewe.

Nimekwisha kumwandikia katibu kuhusu orodha hiyo, na nimemweleza kwamba madai ni yangu, usije ukaona haya. Wakikataa nawe ukaenda, usinitafute jukwaani. Wakikubali, nitafika mapema nikusaidie kuchora mistari, maana najua kazi hiyo hutamwachia mtu mwingine hata siku ya mechi yako.

Mpwa wako