Barua ya wazi kwa mdogo wangu diwani, baada ya dhoruba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole tena kwa dhoruba iliyoupitia mji wenu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu mzigo uliokuangukia kama diwani si wako peke yako. Kila mji mdogo unaopigwa na upepo au mafuriko hubaki na baraza la watu wachache, watumishi wachache zaidi, na maamuzi ambayo wajukuu wa wapiga kura wa leo wataishi nayo.

Wananchi watawahimiza mwende haraka, na wana haki. Kuzibua mifereji na makalavati, kufungua barabara, kugawa maturubai na kuhakikisha maji ni salama ni kazi zisizohitaji mjadala. Hata hivyo, naomba mziwekee kumbukumbu za maandishi. Uondoaji wa vifusi mara nyingi hulipwa kwa ujazo wa shehena, na pasipokuwa na mtu wa baraza kwenye dampo anayepima na kutia saini kwa kila lori linaloingia, fedha ambazo zingerudisha paa la zahanati zinaweza kulipia shehena zilizohesabiwa mara mbili. Zabuni ya dharura inayotolewa bila ushindani nayo iwekewe ukomo siku ileile inapopitishwa.

Linaloninyima usingizi zaidi ni suala la ardhi. Wapi watu wajenge tena, na wapi wasijenge kamwe, ni swali ambalo madiwani na mhandisi hawawezi kulimaliza wakiwa wamejifungia chumbani. Baada ya mafuriko ya Mto Mississippi ya mwaka 1993, wakazi wa Valmeyer katika jimbo la Illinois nchini Marekani, mji wa watu wapatao 900, walipiga kura ya kuuhamishia mji wao kwenye mwinuko kilomita chache kutoka bondeni, kisha wakaunda kamati zao wenyewe za kupanga mji mpya. Si wote waliohama, na kazi ilichukua miaka, lakini uamuzi ulikuwa wao. Vivyo hivyo Greensburg, katika jimbo la Kansas hukohuko Marekani, ambako tornado (upepo mkali wa kuzunguka wa nchi kavu) ya tarehe 4 Mei 2007 ilibomoa takribani asilimia 95 ya mji: wakazi walikutana chini ya hema kubwa kujadili mustakabali wao, na baraza la mji likapitisha azimio kwamba majengo makubwa ya umma yajengwe kwa kiwango cha juu kabisa cha ujenzi unaojali mazingira na nishati.

Kule Tacloban, Ufilipino, baada ya kimbunga Haiyan cha Novemba 2013, mambo yalikwenda vingine. Ujenzi ulipigwa marufuku ndani ya mita 40 kutoka ufukweni ilhali makazi mapya yalikuwa hayajawa tayari, na riziki ya wavuvi ilikuwa palepale baharini. Watu wengi walirudi wakajenga vibanda mahali walipokatazwa, nami siwezi kuwalaumu, kwa kuwa hawakuonyeshwa pengine pa kwenda.

Kuhusu vibali vya ujenzi, utaambiwa msividai kwa sasa ili watu wasicheleweshwe. Sameheni ada, hilo ni jambo jema, lakini msisamehe ukaguzi. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka maradufu, msukumo wake juu ya paa huwa mara nne. Kimbunga Tracy kilipoipiga Darwin, Australia, Krismasi ya mwaka 1974, wachunguzi walibaini kwamba mabati mengi yaling'oka kwa sababu yalichoka na kupasuka kandokando ya vifungio vyake kwa kutikiswa mfululizo, na kanuni za ujenzi zikabadilishwa kutokana na hayo. Mkaguzi anayepanda ngazi kutazama namna kenchi zilivyofungwa kwenye kuta, na kuta kwenye msingi, anafanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote mtakayoitoa.

Wapo pia watakaoachwa nje bila mtu yeyote kukusudia. Misaada ya kujenga upya hufuata hati, na baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, familia nyingi za mji wa New Orleans, Marekani, zilikwama kwa sababu nyumba zao zilikuwa bado kwa majina ya wazee waliokwisha kufariki na mirathi haikuwahi kurekebishwa. Mpangaji naye hana hati kabisa. Chumba chake kikibomoka, hasara ya jengo huandikwa kwa mwenye nyumba, na mpangaji huondoka mjini kimyakimya pamoja na watoto waliokuwa wakijaza madarasa. Naomba baraza lenu limteue mtumishi wa kuwasaidia warithi kukamilisha nyaraka, na lipokee ushahidi mwingine wa ukaazi, kama vile bili za maji au barua ya shule.

Kabla ya kikao chenu cha kwanza kuhusu ardhi, bandikeni ramani ya maeneo yaliyoathirika mahali pa wazi kwa muda wa kutosha ili kila mtu aone kiwanja chake kimetiwa rangi gani. Mkutano ufanyike jioni, watu wakiwa wametoka kazini, na wapangaji waalikwe waziwazi. Ukiona wenzako wanapinga, niandikie uniambie hoja zao, tuzijadili moja baada ya nyingine.

Akupendaye,
Dada yako